Mwana wa Kubadilisha: Sleyum, Mpika Halua wa Matrah

Saa nane mchana, siku za mwisho za Ramadhani, wenye akili zao wamelala. Mji mzima wa Matrah, hapa Oman, umefunga milango, hata paka wa sokoni hawaonekani. Sleyum bin Thabit yeye amesimama mbele ya sufuria ya shaba ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, mwiko mrefu mkononi, anakoroga halua ya sikukuu.

Chini yake zinawaka kuni za mgunga. Jasho linamshuka mpaka kwenye kikoi. Maji hanywi, kafunga, na kuonja pia haonji. Anaijua halua kwa mkono. Ikianza kuuvuta mwiko, anajua samli imekwisha kolea na wakati wa zafarani na marashi ya waridi umefika.

"Halua haina mapumziko," anasema bila kuinua macho. "Ukisimama kuvuta pumzi tu, imeshashika chini. Ikishika chini, yote inanuka moshi, ushawaharibia watu Idi yao."

Kwa hiyo wapishi huwa wawili. Akichoka mmoja, mwenzake anaushika mwiko juu ya mkono wake, wanakoroga pamoja mizunguko kidogo, kisha yule wa kwanza anaachia. Watu wanabadilishana, mwiko hausimami. Mwenzake Sleyum ni tajiri wake mwenyewe, Mzee Mahfoudh, mwenye duka, ambaye amezeeka lakini hataki kuambiwa.

Pembeni, juu ya mkeka, wamekaa wanaume watano sita. Watakwambia wamekuja kungoja halua zao. Uongo mtupu. Halua haitoki kabla ya magharibi, nao wapo hapa tangu adhuhuri. Kilichowaleta ni ubishi.

Hawa ni Waomani wa Unguja. Wengine walitua hapa mwaka 1964 na wengine wameingia tangu Julai mwaka huu wa 1970, nchi ilipopata sultani mpya na kufungua milango. Mbele yao kuna nchi mpya ya kujengwa na kazi mpya za kutafuta, lakini wao wanabishana juu ya wachezaji wawili wa mpira waliobadilishwa Unguja mwaka 1961.

Mkuu wa ubishi ni Yaarub, karani wa forodhani, aliyekuwa katibu wa timu ya Nuru ya mjini. Mwaka huo Nuru ilimtoa senta hafu wake, Ishaq, kwa timu ya shamba iliyoitwa Tawakal. Ikapokea senta hafu wa Tawakal, na juu yake jezi mpya kumi na moja na mipira miwili ya ngozi. Suala ni moja tu, na limedumu miaka: nani aliyepata na nani aliyepunjwa?

Leo Yaarub anashikilia kwamba Nuru haikupunjwa, kwani jezi zile zilivaliwa mpaka zikafifia. Mmoja anamjibu kwamba jezi haitoi pasi. Mwengine anataka kujua: ukiziweka kando jezi na mipira, yule senta hafu wa shamba peke yake alifika hata nusu ya Ishaq? Yaarub anasema robo tatu. Wenzake wanamshusha. Mwisho wanapatana kwenye nusu na kidogo, na kicheko kinapita mkeka mzima.

Yule senta hafu wa shamba ndiye huyu anayekoroga halua. Wote wanamjua, wote wanampenda, na wala hawaoni ubaya kumpima mbele yake.

"Miaka sita nnasikia bei yangu," anasema Sleyum. "Siku nyengine nnapanda, siku nyengine nnashuka. Nshazoea. Lakini leo wangenyamaza."

Leo, kwa sababu Bi Bakhita, mama yake Ishaq, ameingia Matrah juzi kutoka Dubai na ametuma salamu kwamba atafika dukani kwa miguu yake. Sleyum ana neno la kumwambia juu ya kifo cha mwanawe. Hajui, akishalisikia, kama atataka tena kumtazama usoni.

Wasiojua mpira wa enzi zile waelezwe kidogo. Senta hafu ndiye aliyekuwa mwenye timu. Anasimama katikati, kila mpira unapita kwake, yeye ndiye anayegawa. Timu ikikosa senta hafu, hata iwe na mafowadi kumi wenye mbio, itakimbia bure mpaka magharibi.

Ishaq alikuwa mfupi, mpira ukimfika hauondoki mpaka apende mwenyewe. Watu wa shamba walifunga safari ya mjini kwenda kumtazama yeye tu. Sleyum alikuwa na miguu mirefu na pasi ndefu, akiutuma mpira kutoka katikati unamwangukia mguuni wingi, yule fowadi wa pembeni. Wazee wa Nuru walikuwa na mawingi wenye mbio na wameshachoka kumngoja Ishaq amalize kucheza na mpira wake. Wazee wa Tawakal walitaka mtu wa kujaza kiwanja. Wakaitana Ijumaa baada ya sala, wakanywa kahawa, wakapatana.

Wangeishia hapo, hadithi hii isingekuwa na uzito. Lakini wazee wetu ni waungwana, na kwa muungwana maneno matupu hayafungi jambo. Waliinua mikono wakasoma Fatha. Fatha husomwa kwa posa, kwa safari, kwa maiti. Wao waliisomea senta hafu.

Na mchezaji aliyebadilishwa siku zile hakupangiwa chumba cha kukodi. Alihamia nyumbani kwa mwenzake. Sleyum aliacha shamba la mikarafuu la baba yake, Mzee Thabit, akaja mjini kulala kitandani kwa Ishaq. Ishaq akaenda shamba kulala kitandani kwake.

Bi Bakhita alikuwa mjane na Ishaq ndiye mtoto wake pekee. Sleyum anakumbuka kwamba siku za mwanzo alimwekea chakula mbele yake na kuondoka, bila neno. Kisha asubuhi moja alisimama mlangoni akamtazama anavyokula, akamuuliza kama kwao shamba hawali mkate wa kumimina, maana ameula wote. Tangu siku hiyo alikuwa wa nyumbani. Majirani wakiuliza kijana huyu wa nani, Bi Bakhita alikuwa na jibu lake tayari.

"Alikuwa akisema, 'Huyu mwanangu wa kubadilisha. Wangu wamemchukua, nimepewa huyu. Bado sijajua kama nimepunjwa.'" Sleyum anatabasamu, na kwa siku mbili nilizokaa naye ndiyo mara ya kwanza kumwona akitabasamu.

Haukupita mwezi, Ishaq alikuja mjini na gari la shamba. Alimtaka mama yake. Sleyum naye alimtaka baba yake, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Wakaenda wote wawili kwa katibu, huyu huyu Yaarub, kumwomba warudishwe kila mtu kwao. Jezi zibaki, mipira ibaki, wao warudi tu.

Yaarub aliwaambia Fatha ishasomwa. Aliwauliza kama wanataka balaa iiangukie timu. Walikuwa watu wazima, ndevu zimewaota, lakini nani atasimama kushindana na Fatha? Wakatoka.

Nje, pale barazani, Ishaq alimpa mkono. "Akanambia, 'Basi wewe nitazamie mama, na mimi ntakutazamia mzee.' Nikamwambia haya. Hatukumwita mtu kushuhudia, wala hatukusoma kitu."

Mwaka uliofuata Tawakal iliifunga Nuru fainali, tatu kwa moja, na mabao yote matatu yalipita kwenye mguu wa Ishaq. Hapo ndipo ubishi ulipozaliwa. Watoto wa mitaani walimwimbia Sleyum kuwa yeye ni zawadi iliyotiwa ndani ya mzigo wa jezi. Bi Bakhita aliwafukuza kwa fagio.

Kisha ikaja Januari ya 1964, ambayo msomaji hana haja ya kusimuliwa na gazeti. Sleyum alikamatwa njiani akakusanywa pamoja na wengine. Siku aliyopata kufika nyumba ya Bi Bakhita, alikuta mlango uko wazi na ndani hamna mtu. Wengine walisema kachukuliwa na jamaa zake, wengine hawakusema kitu. Kutoka shamba ilikuja habari moja tu: Mzee Thabit na Ishaq wamekufa siku moja, ndani ya nyumba moja. Makaburi hayakujulikana.

Baada ya miezi alipandishwa meli, akateremka Maskati. Alikuja kwenye nchi ya babu zake akiwa hana Kiarabu ila cha msikitini, na watu wa sokoni walicheka kila alipofungua kinywa. Alibeba magunia pwani mpaka Mzee Mahfoudh alipoitazama mikono yake na kumwambia mikono hiyo inapotea bure. Akaoa hapa hapa. Mkewe, Nasriya, na watoto wao wawili wanakaa naye kwenye nyumba ya makuti nje ya ukuta wa Matrah. Mshahara wa halua unatosha mchele na samaki, na nyama siku za Idi.

Alipata fununu kwamba Bi Bakhita yu hai, yuko Dubai, anashona kofia kwa ajili ya kula. Lakini miaka ile kutoka nchini kulitaka ruhusa, na ruhusa haikuwa ya watu kama yeye. Alichoweza ni kumtafuta msafiri na kumpa bakuli la halua ampelekee. Alifanya hivyo kila Idi. Kama bakuli lilifika au liliishia tumboni mwa mabaharia, hakupata kujua.

"Mwenzangu alikuwa na mzee wangu mpaka mwisho," anasema. "Mimi mama yake anatia uzi kwenye sindano kwa macho ya kizee, nami niko hapa nnawapikia watu tamu. Lipi nlilotimiza?"

Anasukuma kuni kwa mguu, mwiko unaendelea.

Septemba iliyopita dada yake, Masouda, aliwasili kutoka Mombasa. Yeye alikuwamo kwenye nyumba ile ya shamba siku ile, na ndiye wa pekee aliyetoka. Akamsimulia kaka yake yote usiku mmoja na hajayarudia tena. Maneno hayo ndiyo Sleyum anayomngojea nayo Bi Bakhita.

Bi Bakhita anafika baada ya sala ya alasiri. Ni mwanamke mdogo wa umbo, buibui limefifia, fimbo mkononi. Wanaume wote wa mkekani wanasimama. Yaarub anampangusia benchi.

Anawauliza walikuwa wanabishana nini, maana amezisikia sauti zao tangu kwenye kona. Kila mtu anamwachia mwenzake ajibu. Mzee Mahfoudh, mtu wa Matrah asiyejua kuzunguka, anamjibu kwa Kiswahili chake cha kuokota dukani kwamba ni mambo ya yule mtoto wake, Ishaq, na huyu mpishi wa hapa dukani.

Bi Bakhita anaketi kwenye benchi la wateja. "Endeleeni," anasema.

Wanaume wanarudi kuketi. Ndipo anapowaeleza, taratibu, kama mtu anayeagiza kitu dukani. Yeye hajapata kumwona mwanawe akicheza hata siku moja. Wanawake wa nyumba yake hawakwenda kiwanjani. Alichojua cha mpira ni kufua jezi, na kelele za watu alizokuwa akizisikia dirishani jioni, asijue wanamshangilia nani. Dubai alikokaa hapakuwa na mtu aliyemjua Ishaq. Miaka sita hajasikia jina hilo likitajwa na kinywa kisichokuwa chake.

"Nambieni alikuwaje," anasema.

Yaarub anaanza. Anaianza fainali tangu filimbi ya kwanza, bao la kwanza, la pili, jinsi Ishaq alivyowaketisha chini mabeki wawili na kuwangoja wainuke. Na huyu huyu aliyeyatetea mabadilishano yale tangu tulipomjua, anafika mwisho na kusema kwamba Nuru ilipunjwa, ilipunjwa mchana kweupe, na kwamba senta hafu kama yule hakumwona kabla yake wala baada yake. Anasema alikuwa akijua siku zote.

Bi Bakhita anatikisa kichwa, kila bao anatikisa kichwa. Kisha anageukia sufuria.

"Na wewe, wa kubadilisha," anasema, "huna la kuchangia?"

Sleyum hajaacha kukoroga tangu mama alipoingia, na hakuweza kuacha. Anamtazama Mzee Mahfoudh. Mzee anainuka, anaweka mkono wake wenye mishipa juu ya mkono wa Sleyum, wanazunguka pamoja mara kadhaa, kisha Sleyum anaachia. Anakwenda kukaa chini, sakafuni, mbele ya miguu ya Bi Bakhita.

Anamwambia yote, kichwa kimeinama. Kwamba siku ile kelele za waliokuwa wakija zilisikika zikiwa mbali bado, na vijana wa shamba walipata nafasi ya kuchupa dirishani na kupotelea mikarafuuni. Kwamba Ishaq alimnyanyua Masouda akamtoa kwa dirisha hilo. Kwamba Masouda alimvuta mkono naye atoke, na dirisha lilimtosha. Mzee Thabit alikuwa kitandani, miguu imevimba, hawezi hata kusimama, na alikuwa akimwamrisha Ishaq kwa ukali aende. Ishaq alimjibu Masouda kwamba mzee ameachiwa yeye. Akarudi akakaa kitandani, ubavuni mwa mzee.

Mwiko unakwaruza shaba. Bi Bakhita anauliza swali moja.

"Angeweza kukimbia?"

"Angeweza, mama."

Yaarub amejifunika uso kwa kilemba. Anasema, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba walikuja kwake, wote wawili, wakamwomba, naye akawarudisha kwa sababu ya Fatha. Bi Bakhita anamwambia Fatha isisingiziwe, wenye masikio ya kusikia ombi walikuwa yeye na wazee wenzake. Hamwambii zaidi ya hapo, wala hamtazami.

Anamtazama Sleyum kwa muda mrefu. Mwandishi wenu amekaa kwenye vyumba vingi vya watu wenye misiba, lakini pale alitamani kutoka nje.

"Kumbe alifanya uliyokuwa uyafanye wewe," anasema Bi Bakhita.

"Ndiyo, mama."

"Basi na wewe fanya aliyokuwa ayafanye yeye."

Sleyum analia. Mtu mzima wa miraba minne, mbele ya wateja, analia bila kujificha, na Bi Bakhita anamwachia alie. Baadaye anamuuliza kama ile halua ya Idi iliyofika Dubai ilikuwa yake. Moja tu ndiyo iliyomfika, anasema, bakuli lina ufa, na ilikuwa na iliki nyingi mno. Kwa iliki ile alijua imepikwa na mtu aliyelelewa shamba, ila hakujua nani.

Jioni ile, baada ya kufuturu, Sleyum alikwenda kwa mpwa wake Bi Bakhita kuchukua furushi lake. Lilikuwa dogo, alilibeba kwa mkono mmoja. Nasriya alikuwa amekwisha tandika.

Siku ya pili namkuta nyumbani kwake asubuhi, kabla ya zamu ya jikoni, anachimbia nguzo za chumba kipya ubavuni mwa nyumba. Nguzo mbili zimeletwa na Yaarub, ambaye alizitua mlangoni na kuondoka bila kuingia. Bi Bakhita yuko ndani, anamsuta Nasriya kwamba mchele wa futari ulikuwa na maji. Ameshatuma neno kwa wale wa mkekani: siku ya pili ya Idi waje wote, wamsimulie michezo ya Ishaq tangu wa kwanza, na atakayechanganya mabao hapati kahawa. Yaarub naye aje, amesema, asijifanye mgeni.

Sleyum ana mipango, kama kila mtu Maskati mwaka huu. Anasikia barabara zitakuja, hospitali itakuja, skuli zitajengwa hadi Sib. Anataka makuti haya yageuke matofali kabla mvua ya baridi haijamtesa mama. Anataka watoto wake wasome. Lakini ukimuuliza hasa, ukamwondolea matofali na barabara, anashikilia nguzo yake kwa mikono miwili.

"Nnamwomba Mungu anipe umri," anasema. "Mwanawe mmoja hakupata hata kumwosha. Mimi nataka nimzike yeye, asinizike yeye mimi."

Anaipigilia ile nguzo udongo kwa kisigino, anaitikisa kuona kama imeshika, kisha anaangalia jua. Mzee Mahfoudh peke yake hawezi kumaliza sufuria ya leo.